Chumba cha Sponji

Mtu alinishika kifundo cha mkono kwa nyuma kabla sijakaa vizuri mkekani, na kabla sijageuka nilijua ni Konso. Hakuna mwingine anayenishika hapo, kwa vidole viwili, kama nesi anayetafuta mapigo. Tulikuwa msibani kwa Mzee Shabani, fundi makochi wa Nyakato, Musoma. Wanaume walikuwa wamekwenda kuzika, sisi wanawake tumebaki uani na masufuria. Nilimpa Konso pole, akaitikia kwa kichwa. Haongei mbele za watu, na msibani ndiko mahali pekee ambako hakuna anayeshangaa mtu kunyamaza. Nusu ya wanawake waliokaa pale wana nyimbo zake kwenye simu zao. Binti zao wamekata keki za harusi huku gitaa langu likilia, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba huyo mama wa khanga ya bluu aliyejibanza ukutani ndiye mwimbaji. Basi tukakaa. Kutoka kwenye karakana iliyo nyuma ya nyumba ilikuwa inasikika sauti ya msichana akiimba kaswida, anakatiza, anaanza upya. Nikauliza ni nani. "Ni Sauda, mjukuu wa marehemu," jirani akaniambia. "Anamrekodia babu yake kwenye simu. Mle stoo sauti inatulia vizuri." Vidole vya Konso vilikaza mpaka nikasikia maumivu.

Stoo ile naijua. Mwaka nitakaousimulia hapa niliumalizia humo karibu wote. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, ninapiga gitaa kwenye kwaya ya kanisa letu Manyamanyama, Bunda, na Konso alikuwa tayari jina kubwa. Nyimbo zake zilikuwa za kelele, za watu kuruka na kumwagiana bia, na yeye mwenyewe alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Alikuja Bunda kwenye harusi ya ndugu yake, kwaya yetu ikapiga, na baada ya chakula akanifuata nilipokuwa nafungasha gitaa. "Wewe unapiga kama unaogopa kumwamsha mtu," aliniambia. Nilikasirika, maana nilidhani ananisimanga. "Usinune, mdogo wangu. Mtu wa hivyo ndiye ninayemtafuta." Wiki iliyofuata nilikuwa Musoma na begi langu, na mwenyekiti wa kwaya alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba nimepotea. Sikuona kama nimepotea. Nilikuwa napata kitanda, chakula, na gitaa la nyuzi za nailoni, aina ambayo sikuwahi kuishika maishani.

Albamu aliyotaka kuitengeneza ilikuwa ya mapenzi mwanzo hadi mwisho, lakini si yale mapenzi ya kulia na kulaani tuliyoyazoea redioni. Alikuwa amerudi kutoka Dar na CD moja ya Kibrazili, imechubuka mpaka inaruka, na alitusikilizisha mimi na Mzee Shabani huku akitukazia macho usoni. Bosa nova, ndivyo mtindo ule unavyoitwa. Maneno sikuelewa hata moja, ila kidole gumba nilikielewa. Gumba linatembea taratibu kwenye nyuzi nene, vidole vingine vinachelewa makusudi, na mwimbaji anaimba chini kwa chini, kama anaongea na mtu aliyelala naye mto mmoja. Mzee Shabani, ambaye ujanani alipiga tumba kwenye bendi ya dansi kabla hajashika sindano na nyundo, alisikiliza wimbo mmoja tu akacheka. "Huyu ni mdogo wake bolero wa bendi zetu," alisema. "Sisi tulikuwaga tunapiga haya haya, ila tulikuwa na haraka." Nilimuuliza Konso kwa nini anaacha nyimbo zinazomlisha. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Miaka yote nimeimba ili watu wacheze. Sasa nataka waache kucheza, wakae chini, wanisikilize." Aliisema polepole, na nikaona kwamba huyu mtu asipoimaliza albamu hii hatakuwa mzima tena. Hiyo ndiyo ilikuwa roho yake mwaka ule, na mimi na yeye tulijua.

Tatizo ni kwamba Nyakato si mahali pa kuimba chini kwa chini. Kulia kulikuwa na fundi wa kuchomelea mageti, kushoto mashine ya kusaga, mbele bodaboda wanabishana kuanzia alfajiri. Ndipo Mzee Shabani akatoa stoo yake ya magodoro. Haikuwa na dirisha. Alipigilia mabaki ya sponji kuta zote, darini, hata nyuma ya mlango, akabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya kopo, na penye nyufa akashindilia sufi. Maiki tukaitundika katikati, kompyuta, ambayo mzee ndiye aliyeiendesha, ikakaa juu ya kochi lisilo na kitambaa. Konso alipoingia mara ya kwanza na kufunga mlango, alitoka na machozi ya furaha, akamshika mzee mikono yote miwili. Mimi sikuwahi kukipenda kile chumba. Ukipiga makofi hakuna kinachorudi. Unaongea, na maneno yanafia palepale mdomoni, na baada ya muda unaanza kujihisi kwamba wewe ndiye umezikwa na walio nje wanaendelea na maisha yao. Asubuhi mzee alikuwa anakata sponji humohumo, mchana sisi tunaingia kurekodi, na taa ikiwashwa unaliona vumbi la njano likielea bila kutaka kutua. Konso alilipenda vumbi lile. Alilitia kwenye wimbo wa pili: *Vumbi la dhahabu limekaa begani mwako, nisogeze nilipulize.* Watu wanaucheza mpaka leo kwenye maadhimisho ya ndoa.

Tulikaa chumba kimoja cha kupanga, mimi na yeye, na jioni tulikuwa tunateremka sokoni Mwigobero kununua furu, wale samaki wadogo wenye miiba mingi ambao yeye aliwapenda kuliko sato. Wakati mwingine wadudu wa ziwani walikuwa wanapanda kutoka majini, wingu zima jeusi linasogea kuelekea mjini kama moshi wa nyumba inayoungua. Konso akiliona alikuwa anajifunga khanga mdomoni na kukimbia. Koo lake alililinda na kila kitu. Maji ya baridi hakunywa, pilipili hakugusa, na mtu akivuta sigara karibu yake alimhamisha, awe nani. Akina mama wauza dagaa walikuwa wanamsubiri kwa maswali. "Konso, huyo wa kwenye nyimbo zako ni nani? Tunamjua?" Yeye anachagua furu kama hakusikia. "Mnadhani wimbo ni barua," aliwajibu siku moja, nao wakacheka mpaka meza ikatikisika. Nilimuuliza tulipokuwa tunapanda kilima. Akasema hakuna mtu, na baada ya hatua kadhaa akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu anayetaka kusafisha koo kabla ya kutoa hotuba. Sikukitilia maanani. Nikikumbuka sasa, hicho ndicho kilikuwa cha kwanza.

Kilikuwa kinakuja mwishoni mwa mistari. Anaimba vizuri, sauti inateremka laini, inafika pale inapotakiwa kuachiwa ipotee yenyewe, na hapo kikohozi kinaingia. Mzee Shabani anafuta, tunarudia. Kadiri tulivyorudia ndivyo alivyozidi kukaa mle ndani, na hata siku zisizo za kurekodi alijifungia afanye mazoezi, anavuta pumzi mpaka chini ya kitovu kama alivyojifundisha. Mzee naye alikuwa anakohoa, lakini yeye tulimzoea, kikohozi chake kilikuwa sehemu ya karakana kama nyundo. Zahanati walimpa Konso dawa ya maji, akamaliza chupa, wakampa nyingine. Nyimbo zilikuwa zinatoka, na zilikuwa nzuri kiasi cha kunitia hofu. Sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa na ukwaruzo kidogo, na ukwaruzo ule uliufanya kila wimbo usikike kama unaimbwa na mtu anayeaga. Nilimwambia hivyo. "Basi vizuri," alisema. "Ndivyo watakavyokaa chini."

Jumapili moja tulikwenda Butiama kwa mama yake mkubwa, Mama Nyamisi, ambaye ndiye aliyemlea. Nyumba yake imekaa kati ya mawe makubwa, na juu ya jiwe moja alikuwa ameanika mtama. Tulikula kuku na ugali wa mtama, mweusi, mzito, wa kushibisha hadi kesho yake, na wakati wote wa chakula mama yule hakutuangalia usoni, alikuwa anakisikiliza kikohozi. Tulipokwisha kunawa akamwita Konso mlangoni penye mwanga, akamwambia afungue mdomo, akaukandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko. "Hiki hapa," alisema. "Kimeo. Kimelala kabisa juu ya ulimi, kinamtekenya. Atakohoa mpaka lini na kitu hiki kimening'inia?" Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo, na kwetu mtoto akikohoa sana anapelekwa kikakatwe. Nikaitwa nami nitazame. Nikatazama, nikaona kweli ni kirefu, ingawa sijui nilikilinganisha na cha nani, maana sikuwahi kuchungulia koo la mtu mwingine.

"Wewe Tabitha hukukatwa?" aliniuliza.

"Nilikatwa, mama. Nikiwa mdogo."

"Na unakohoaga?"

"Hapana."

"Basi." Akasuuza kijiko, akakirudisha kwenye kikapu cha vyombo. Kikao chote kilikuwa hicho. Mama Nyamisi alikuwa amekatwa, mama yangu amekatwa, kila mtu niliyemfahamu alikuwa amekatwa na alikuwa anakula na kuongea bila shida, na mwenye ushahidi wa namna hiyo kwa kawaida habishiwi. Tuliporudi Musoma Konso alikuwa mchangamfu, anahesabu yaliyobaki. Ulibaki wimbo mmoja, wa mwisho. Mimi na mzee tulikuwa tumeshapiga gitaa na tumba, tumeacha nafasi za sauti, lakini yeye hakuwahi kutuimbia hata mstari. Alikuwa anautunza. "Huu nataka kuuimba mara moja tu, bila kukatiza pumzi," alisema. "Nikatwe kwanza, nipone, nije niuimbe."

Mtu pekee aliyepinga ni Mzee Shabani. Alikuwa amekaa sakafuni mle stoo anajaza mto sufi, nyeupe mpaka kwenye nyusi. "Mwanangu, usikubali kutiwa chuma kooni," alimwambia. "Mimi nakohoaga tangu nianze kazi hii na sijakatwa kitu. Kikohozi unakizoea tu." Akakohoa, akacheka, akapangusa macho. Jibu lilikuwa limemkaa kwenye nyusi, na hakuna kati yetu watatu aliyeliona. Nikasema labda twende hospitali kubwa. Konso akanigeukia kwa ukali ambao hakuwahi kunionyesha. "Nimekunywa chupa zao ngapi, Tabitha? Wewe una njia nyingine?" Sikuwa nayo. Nilikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi wa msichana wa kwaya hauna uzito mbele ya mama mkubwa.

Mkataji alikuwa anaishi Bunda, si mbali na kwetu Manyamanyama. Tulimkuta mzee msafi, ua umefagiliwa hadi michoro ya ufagio inaonekana, akina mama wamejipanga kivulini na watoto wao. Watoto wale hawakuwa wanalia. Walikaa kimya, wanamwangalia aliyetangulia, na ukimya wao uliniingia mifupani. Mzee alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi. Alimkalisha Konso kwenye kigoda, mimi nikaambiwa nimshike kichwa, akatoa chuma chembamba chenye ncha iliyopinda. "Kwa mtu mzima tunakata na shina lake," alisema, "kisirudi kuota." Nilifumba macho. Nilisikia kichwa kikiruka mikononi mwangu mara moja, kisha damu ikilia kwenye beseni lenye majivu. "Kimetoka chote," mzee alisema, na alifurahi kweli, kama fundi yeyote ambaye kazi yake imekwenda sawa. Tulimpeleka Konso nyumbani kwa mama yangu, akapewa uji wa vuguvugu. Alikunywa funda moja. Uji ukarudi puani.

Mama yangu alimfuta kwa upindo wa khanga, akasema itakaa sawa. Konso akajaribu tena, ukatoka tena, matundu yote mawili, mweupe. Aliweka kikombe chini akanitazama, na sijawahi kuona macho yale kwa mtu mwingine hadi leo. Kisha homa ikaja, shingo ikavimba, na tukaishia wodini, yeye kitandani na mimi kwenye khanga niliyotandika chini ya kitanda. Daktari alikuwa kijana, ana usingizi, na hakutufokea. Aliuliza kikohozi kilianza lini. Akauliza mgonjwa anafanya kazi wapi. Nikamweleza stoo, sponji, gundi, sufi, vumbi la njano, na jinsi tulivyofunga mlango ili makelele yasiingie. Aliacha kuandika. "Mngemtoa tu humo ndani," alisema. Na kweli, kwa majuma yale aliyolala wodini Konso hakukohoa hata kidogo. Kikohozi kiliondoka chenyewe, kimya kimya, kama mgeni aliyeona wenyeji wamegombana. Nilikuwa nalala chini ya kitanda kile nasikiliza mtu asiyekohoa, na nilichukia kiasi cha kuuma khanga.

Homa iliisha. Sauti haikurudi. Pumzi yote ilikuwa inapitia puani, maneno yanatoka na upepo ndani yake, na hata kuita "Tabitha" ilikuwa kazi. Alijaribu kuimba mara moja, bafuni, amefungua bomba ili nisisikie. Nilisikia. Nilimwendea Mzee Shabani nikamwambia alichosema daktari, kwa hasira, bila kumpunguzia. Alisikiliza amesimama. Akabandua kipande cha sponji ukutani, akakiminya, akakinusa, akakitazama muda mrefu, halafu akakibandika palepale kilipokuwa. "Mimi nimelala humu miaka yote," alisema. Hakuweza kuamini, na akiamini angefanya kazi gani? Albamu mzee aliitoa hivyo hivyo. Wimbo wa mwisho aliuacha na gitaa na tumba, na nafasi za Konso zikiwa wazi, na wapiga muziki wa harusi wakaupenda kuliko zote kwa sababu MC anaweza kuongea katikati. Mzee aliendelea kujaza mito. Mwaka huu kifua kimemmaliza.

Hayo yote yalikuwa yanapita kati yangu na Konso pale mkekani, bila neno. Kaswida ikakatika. Sauda akakohoa mle stoo, kikavu, tena na tena.

"Kanakohoa tangu mfungo haka katoto," alisema jirani aliyekuwa anamimina kahawa. "Dawa zote kamekunywa."

"Hicho ni kimeo," akadakia mwingine. "Si mkapeleke Bunda? Yule mzee alishafariki ila mwanawe ameshika kazi."

Mama yake Sauda, amevimba macho kwa kulia, akaitikia kwa uchovu. "Tukimaliza arobaini nitampeleka."

Konso aliachia mkono wangu, akasimama. Miaka yote hii mimi nimemsikia akiongea ndani kwangu tu, mlango umefungwa. "Asipelekwe," alisema. Sauti ilitoka puani, imejaa upepo, na wasichana waliokuwa wanaosha vyombo wakaangua kicheko kabla hawajaelewa. Konso alisubiri. Jukwaani alishazoea kusubiri kelele ziishe. "Mimi nilipelekwa," akasema, akaenda akapiga magoti mbele ya mama yake Sauda, akageuza uso kwenye jua, akafungua mdomo kama alivyokuwa anaufungua mbele ya maiki. Mama yule alichungulia, akajishika shavu. Wakaja wengine, mmoja mmoja, wakainama kutazama, na hakuna aliyecheka tena. Nilisema kwa sauti kwamba kikohozi kinatoka kwenye sponji za mle ndani, na kwamba hata marehemu ndizo zilizomla kifua. Sikujali kama ni msibani.

Sauda alitoka na simu mkononi, nywele zimejaa vumbi la njano, akauliza kuna nini. Naye akainama, akatazama ndani ya koo lile kwa muda.

"Huyu ni nani?" aliniuliza.

"Konso."

"Konso wa CD ya babu?" Alimtazama upya. "Babu alikuwa anaupigaga ule wimbo wa mwisho kila asubuhi, ule usio na sauti. Sisi tukitaka kuondoka anatuambia subirini, bado anakuja kuimba."

Konso alifunga mdomo. Akamshika Sauda kifundo cha mkono kwa vidole viwili. "Humo usirudi," alimwambia mbele ya watu wote. "Nitakufundisha kuimbia nje."